Tangi la Nyuma ya Ukumbi

Nerima alikuwa amepiga magoti kwenye saruji, spana mkononi, akilegeza mfereji wa tangi polepole. Ukifunguliwa kwa pupa, sauti mbili hutoka pamoja na kukanyagana. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni. Mwalimu Mugo alikuwa ameketi kando kwenye dawati bovu, daftari magotini.

Sauti ilitoka. Ilikuwa ya mvulana, nzito kuliko umri wake, nayo iliimba beti zote tatu za wimbo wa mashindano wa mwaka wake bila haraka. Ilipomaliza ilivuka ukuta wa shule, ikapita juu ya mabati ya mafundi na kuelekea Kariobangi.

"Huyo ni Opicho," alisema Mwalimu Mugo, akiandika. "Darasa la sita, mwaka wa tisini na tisa. Alikuwa anaburuta noti kama mkokoteni wenye pancha."

"Ulimgusa, Mwalimu?"

"Nilimgusa. Tulikuwa tunaenda mashindano ya mkoa."

Kwa karibu miaka thelathini Mwalimu Mugo alikuwa amepeleka mashindanoni kwaya ya watoto arobaini, kwa sababu arobaini hujaza jukwaa. Kila mwaka saba hivi kati yao hawakuimba. Wakati wa mazoezi alipita nyuma ya safu akisikiliza, na mtoto aliyewaharibia wenzake aliguswa bega la kushoto kwa vidole viwili. Kila mtoto alijua maana yake: fungua mdomo, usitoe sauti. Hakuna aliyefokewa. Watoto hao walivaa sare, wakatabasamu, wakapanda jukwaani na kushuka na kikombe pamoja na wengine.

Sauti zao zilikuwa tangini. Simiyu, mtunza shule, ndiye aliyegundua mwanzoni mwa muhula, siku ya mgao wa maji, alipoona tangi halipokei. Alipanda ngazi, akafunua mfuniko, akashuka na kwenda ofisini kutoa ripoti. "Limejaa," alisema. "Si maji. Ni watoto." Mkuu wa shule aliagiza mitungi ya kuwekea maji na kumtaka Nerima ashughulikie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisomea muziki.

Nerima alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na shule hiyo ndiyo aliyopangiwa kwa mazoezi ya kufundisha. Aliijua. Aliguswa hapo akiwa darasa la tano. Tangu siku hiyo hakuweza kuimba, na kwa miaka mingi alidhani alizaliwa hivyo. Alijifunza mengine yote peke yake: ngazi ya sauti kutoka kitabu kikuukuu cha nyimbo za kanisa, kinanda kwa kuangalia vidole vya watu, kuongoza kwaya kwa mikono mbele ya kioo cha kabati. Chuoni alipita kila mtihani wa karatasi. Lakini Daktari Wakiuru, mhadhiri wake, alipokuja kumkagua mara ya kwanza, aliandika kwenye fomu: "Mwalimu hakuimba. Nikirudi aimbe mwenyewe, la sivyo atarudia mazoezi mwaka ujao."

Kwa hiyo Nerima alihitaji sauti yake. Mfereji ulikuwa chini, na sauti za zamani ndizo zilizotangulia. Juu hazikuweza kutolewa. Sauti isiyoimbwa ni nzito, huzama tu. Kila moja ilitaka kumaliza beti zake kabla ya nyingine kuanza, na geti lilifungwa saa kumi na moja na nusu. Zilitoka tatu kwa jioni.

Siku iliyofuata Opicho alifika getini, kinyago cha kuchomelea vyuma kikiwa juu ya paji la uso.

"Niaje, madam. Ni nyinyi mmenirudishia hii kitu?"

"Ni sisi."

"Sawa." Alivua kinyago, akasimama wima kama mwanafunzi, akaimba ubeti mmoja. Aliburuta noti, kweli. Watoto waliokuwa wakifagia uwanja waliegemea mifagio yao mpaka alipomaliza. "Mwalimu Mugo, bado uko?"

"Bado niko, Opicho."

"Bado umekonda." Akarudi kazini.

Habari zingine zilifika zenyewe. Kule Muthurwa, Winny, muuza vitunguu, aliacha kupima na kuimba hadi mwisho, na wateja wakangoja zamu yao. Sauti moja ilienda Makadara, ikazunguka nyumba siku nzima, ikarudi ikiwa imechoka na kujitosa tangini kupitia juu, kwa kuwa mwenyewe alikufa zamani. Mwalimu Mugo alifungua ukurasa wake na kuandika: "Amerudi."

Wiki ya kumi walifikia sauti za mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, mwaka wa Nerima. Nerima alitegea sikio ukuta wa tangi, akasikia mtoto wa kike akipumua karibu kabisa na mfereji.

"Zamu yako ni kesho jioni," alisema Mwalimu Mugo.

Daktari Wakiuru alifika asubuhi ya kesho hiyo, siku mbili kabla ya tarehe aliyokuwa ametoa. Aliketi nyuma ya ukumbi, fomu kwenye paja. Nerima alisimama mbele ya watoto arobaini, akafungua mdomo kuwapa noti ya kwanza. Ilitoka pumzi tu. Watoto walingoja. Aliinua mkono, nao wakaichukua noti kutoka mkononi mwake, wakaanza.

Waliimba vizuri. Katika safu ya mwisho alikuwepo Shirleen wa gredi ya saba, msichana mrefu, aliyeimba kwa nguvu zake zote, macho yamefumbwa, chini kidogo ya wenzake.

Daktari Wakiuru aliinua kalamu. "Kuna mmoja anawashusha. Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi?"

Nerima alitembea hadi nyuma ya safu. Hakufikiri kwamba mkono wake ulijua kazi hiyo, lakini uliijua. Vidole viwili, bega la kushoto. Mdomo wa Shirleen uliendelea kucheza. Kitu chenye joto kilipita chini ya kwapa la Nerima kama mvuke wa sufuria, kikatokea dirishani, na nje tangi likalia kidogo, mara moja.

Kwaya iling'aa. Daktari Wakiuru aliandika kwa muda mrefu. "Huimbi," alisema akimkabidhi nakala, "lakini una sikio, na hukuogopa kulitumia. Umepita."

Jioni ile mfereji ulifunguliwa kama kawaida. Sauti ya tatu ilipotoka, Mwalimu Mugo hakutaja jina. Ilipanda ngazi yote hadi juu, ikapita pale ambapo wengine hukoma, ikasimama huko ikitetemeka, juu kidogo ya ilipotakiwa, kama mtoto anayesimama kwa vidole apate kuona. Simiyu alivua kofia. Kwenye ghorofa za jirani wanawake waliokuwa wakianua nguo waliacha mikono kambani. Sauti haikuvuka ukuta. Ilishuka, ikamwingia Nerima kifuani, na alipofungua mdomo alikuwa akiimba.

Aliimba beti zote tatu. Mwalimu Mugo aliandika jina.

"Ilikuwa sauti nzuri," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Haikuwa inachanganyika na wengine."

Nerima alimwomba daftari, akafungua ukurasa wa mwisho kumwandika Shirleen. Mwalimu Mugo alikuwa ameshamwandika. Muhula ulibakiza siku kumi na tisa, kisha Nerima angerudi chuoni. Kwa sauti tatu kila jioni wangefikia watoto wa mwaka juzi tu.

"Nikiondoka, nani atafungua?"

"Magoti yangu hayapigi chini tena," alisema Mwalimu Mugo. Alisimama akapangusa suruali. "Kesho tufike mapema. Kwaya bado ina wawili wa kuangaliwa kwenye sauti ya pili."

Uwanjani wasichana walikuwa wakiruka kamba na kuimba wimbo wa mchezo. Shirleen aliruka katikati yao, mdomo ukifuata kila neno.

Nerima alikaza mfereji. Ndani, sauti iliyofuata ilikuwa imeshakohoa, tayari kuanza.

"Ngoja kesho," aliiambia, kwa kuimba, akaitundika spana kwenye msumari.