Babu Kacheka

Jamani, babu kacheka! Nimetoka wodini mbio, simu haina chaji, ndiyo maana nawaambia wote kwa mkupuo.

Mnajua babu Sebastiani alianguka shambani Mpui, wiki ile ya kuvuna ulezi. Kiharusi. Upande mmoja wote ukafa, sauti ikaenda. Wakubwa wakasema hasikii, kabaki kupumua tu. Basi ikawa watu wanaongea juu yake kama kitandani pamelazwa gunia. Jana tu baba mdogo Mathias na shangazi Kristiana walibishana palepale kichwani pake: shamba la bondeni la nani, jeneza lichongwe mjini Chanji au kwa fundi wa kijijini, ng'ombe yupi achinjwe.

Mimi nikakataa kuamini kwamba hasikii. Babu ni mtani wangu, ananiita mke wake tangu natambaa. Na mchezo wetu ni mmoja: nikirudi kutoka chuo namletea neno la kubuni, yeye analitafutia maana.

Likizo iliyopita nilimuuliza, "Kutipwenya?"

"Kumsalimia mgonjwa huku unaangalia uji wake."

Akikosa maana, nimemshinda. Na babu kushindwa hapendi hata kidogo.

Leo nikamwinamia. "Shikamoo, mume wangu. Mchongwebe ni nini?"

Nikamsogezea sikio.

"Silvana, mwache mzee apumzike," shangazi akasema.

"Haya babu, nakusaidia. Mchongwebe ni yule anayelia msibani mpaka nyama iive, akishashiba ndiyo anauliza, kwani kafa nani?"

Shangazi akanifinya. "We mtoto, huna adabu?"

"Shangazi, angalia!"

Bega la kulia linatikisika. Mdomo umepanda upande mmoja, na kile kisauti chake cha kifuani, khe, khe. Kacheka! Nikapiga kigelegele mpaka nesi akaja kunikemea.

Nikageuka tushangilie wote. Baba mdogo kasimama, kofia mkononi, hata meno hayaonekani.

"Kumbe anasikia," akasema taratibu. "Tangu lini?"

Shangazi alikuwa kajifunika uso kwa kitenge. Babu kicheko kimeshakwisha, kamkazia mwanawe macho, chozi linateremkia sikioni.

Baba mdogo akapiga magoti kwenye sakafu. "Baba, shikamoo."

Babu akageuza uso kuelekea ukutani.