Mashine ya Miaka Mitano

Mume wake alipoondoka, baba mkwe hakumwachisha kazi, naye hakuacha. Hakuna aliyeligusia jambo hilo. Kila siku saa mbili asubuhi alifungua ofisi, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, akapitia orodha ya tovuti mia tatu na arobaini walizokuwa wakizihifadhi: za shule, za zahanati, za maduka ya vipuri. Saa tatu mkwewe aliingia akihema kwa ngazi, akauliza, "Zote ziko hewani?"

"Zote, baba."

Miezi minne ilipita hivyo. Ujumbe wa mume ulikuwa na mistari mitatu: amepata kazi nchi nyingine, ana mtu huko, asisubiriwe. Aliusoma jikoni, akaiweka simu juu ya friji, akamalizia kumenya viazi. Tangu siku hiyo alikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, mdomo ukiwa bado na ganzi; anaongea, anatafuna, lakini akijiuma hajui.

Kilichowalazimisha kuzungumza ni seva, ile kompyuta kubwa iliyobeba tovuti zote. Ile waliyokuwa nayo ilikuwa katika mwaka wake wa saba, na siku ya matokeo ya mitihani tovuti za shule ziligoma kufunguka asubuhi nzima. Walimu wakuu walipiga simu mpaka mzee akachomoa waya ukutani. Wiki iliyofuata akamwita muuzaji.

Muuzaji alikuja na tabasamu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mashine yenye prosesa moja, yaani ubongo mmoja wa kompyuta, ya pili yenye prosesa mbili. Akaigonga ile ya pili kwa kalamu. "Mzee, hii ndiyo kiboko yao. Hii ukiiwasha, majirani watajua."

Mzee akaitazama picha ya mashine kwenye karatasi. "Mwanangu angechukua hii," akasema, kisha akakohoa kama aliyemeza nzi.

Muuzaji, asiyejua lolote, akaitikia kwa kichwa. Mkaza mwana akasikia maneno yale yakipita, akangoja yaumize. Hayakuumiza. Akavuta daftari lake.

"Baba, siku ile ya matokeo nilichukua vipimo. Prosesa yetu haikutumia hata nusu ya nguvu zake. Ilikuwa imekaa tu inaisubiri diski itoe mafaili."

"Prosesa inasubirije?"

Akafikiri kidogo. Mzee alikuwa amefanya kazi posta miaka ishirini na nane kabla ya biashara hii. "Pale posta, mtu akija kuchukua kifurushi, ilikuwaje?"

"Anakuja dirishani, karani anapeleka karatasi stoo, mtunza stoo anatafuta, analeta."

"Mlikuwa na madirisha mangapi?"

"Moja. Baadaye bosi akaongeza la pili, foleni zilikuwa zinatuaibisha."

"Na stoo?"

"Stoo ile ile. Na mtunza stoo yule yule, na mguu wake mbovu." Mabega ya mzee yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Basi tukawa na foleni mbili badala ya moja! Karani wa pili alikuwa anafuma sweta."

"Hii ya prosesa mbili ni hilo dirisha la pili, baba. Sisi tunahitaji mtunza stoo mwenye miguu mizima. Tuchukue ya prosesa moja, tuweke diski za kasi na memori nyingi. Hata umeme itakula kidogo, na kiyoyozi chetu tayari kinakoroma."

"Lakini dada," muuzaji akaingilia, "mkikua je?"

"Tukikua tutaweka mashine nyingine kando yake. Moja ikizima, nyingine ipo. Prosesa mbili zikiwa kwenye sanduku moja, sanduku likizima tumezima wote."

Muuzaji akairudisha ile karatasi ya pili kwenye mkoba.

Iliyobaki ilikuwa fomu ya waranti, dhamana ya mashine kwa miaka mitano. Palikuwa na nafasi ya jina la mtu atakayeitunza mashine. Fomu zote za nyuma ziliandikwa jina la mumewe. Mzee akaisukuma mezani mpaka ikamgusa mkwewe kiwiko.

"Andika lako."

"Ni miaka mitano, baba."

"Nimesoma. Najua kusoma."

Akaandika. Aliitazama sahihi yake kama ya karani wa benki asiyemjua, akampa muuzaji fomu.

Mashine ilifika baada ya wiki mbili. Aliihamishia tovuti moja moja, kwa siku tatu. Mwishoni ikabaki orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwenye mitambo, jina la mumewe likiwa bado humo. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Yeye umemhamisha?" akauliza.

"Hapana."

"Sawa," mzee akasema, akaenda kusimama dirishani, akakaa huko muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Matokeo ya mitihani mingine yalitoka mwezi uliofuata. Mzee alishinda na mkono juu ya simu kama anayezuia isiruke. Ilipofika saa sita mchana hakuna shule iliyokuwa imepiga.

"Hawapigi," akasema.

"Hawana sababu, baba."

Alijua kuwa hapo mtu hufurahi. Alijitafuta kidogo, akakuta uchovu tu, uchovu wa kawaida wa mtu aliyefanya kazi.

"Mama yako anauliza," mzee akasema, macho yakiwa kwenye simu. "Jumapili utakuja kula?" Hakuwa amekanyaga nyumbani kwa wakwe zake tangu ule ujumbe. "Usije kwa ajili yetu. Kama hujisikii, usije."

"Sijisikii," akasema. "Nitakuja tu. Saa ngapi?"

"Saa saba."

Akaandika kwenye daftari: Jumapili, saa saba. Kisha akageukia barua pepe za wateja, zilikuwa kumi na moja, akaanza na ya juu.