Koti la Bafta la Hamdani

Hamdani wa Ujiji alikuwa na shahada ya mapigo aliyojitunuku mwenyewe, mbele ya mashahidi wasiopungua sitini, ambao kwa kweli walikuwa wamekuja kutazama katuni tu.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Katika banda la video la Bi Zuhra, mjane mwenye sauti ndogo na maamuzi makubwa, katuni za Kijapani zilioneshwa kila siku baada ya adhuhuri. Projekta ilikuwa imechoka kabla haijafika Kigoma, na picha ilitua kwenye shuka jeupe lililotandwa katikati ya banda. Watazamaji walikaa mbele ya shuka. Hamdani alikaa nyuma yake na maiki, kwa maelezo kwamba sauti isiyo na uso ina heshima zaidi. Kijapani hakukijua hata salamu, na hilo halikumsumbua. Bingwa alipofungua mdomo, Hamdani alisema. Bingwa alipoufunga, Hamdani aliendelea kidogo, asije akaonekana mvivu.

Kila onyesho alilifungua kwa ubeti wake mwenyewe:

*Mimi Hamdani dume, mapigo yote najua,*
*Nani hapa asimame, nimpinde kama ua.*

Hakuna aliyewahi kusimama. Banda likijaa, anayesimama anapoteza nafasi yake kwenye benchi. Hamdani alikichukua kimya hicho kuwa ni hofu.

Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mitindo. Katika katuni iliyovuma miaka ile kulikuwa na msichana mwembamba aliyewazunguka adui zake kwa viganja vilivyo wazi, na Hamdani alitangaza kwamba ile ni Kung-fu ya Mgebuka, kwa sababu samaki huyo naye huzunguka taa za wavuvi. Kulikuwa na babu aliyepigana akiyumba, na hiyo ikawa Kung-fu ya Malaria. Jitu lenye kipara lililopiga mapaja ya watu kwa teke lilipewa Kung-fu ya Kambale, na hakuna aliyeuliza kambale ana miguu mingapi.

Wavuvi walimpenda. Siku za mbalamwezi, dagaa wanapodharau taa na mitumbwi ikabaki imelala mchangani, banda lilijaa watu wenye mikono mikubwa wasio na la kuifanyia. Kumi na wawili kati yao walijiunga na chama chake cha mapigano. Hamdani aliwachorea koti la mabingwa kama alivyoliona kwenye shuka, fundi akakata bafta nyeupe, ile ile ambayo Ujiji huinunua kwa ajili ya mtu asiyeweza tena kulalamika kwamba imembana. Upande wa kulia ulilalia wa kushoto, mkanda ukafungwa kiunoni, na kwa miaka mitatu kikosi hicho kikapiga hewa kila Ijumaa jioni. Hewa haikuwahi kushinda.

Kisha wakaja watu wa Burundi, wakikimbia machafuko ya kwao. Walijaa Kagunga, mpakani, hadi kijiji hakikuwa na pa kuweka mguu, wakaletwa Kigoma kwa meli na kwa maboti, na mabasi yakaanza kuwapeleka kambini. Miongoni mwao alikuwa Bonaventura, mwanamume mfupi wa miaka arobaini na ushei, aliyepata kujishikiza Ujiji kwa dada yake aliyeolewa huko zamani, akisubiri zamu yake ya basi. Bujumbura alikuwa amefundisha judo miaka kumi na minane. Ujiji hakuna aliyelijua hilo, kwa kuwa swali pekee aliloulizwa na watu ni ataondoka lini.

Siku aliyoingia bandani, msichana mwembamba alikuwa amezingirwa na wanaume saba. Hamdani akanguruma nyuma ya shuka kwamba sasa wataona mgebuka ni nini. Kutoka benchi la mwisho ikasikika sauti ya Kiswahili chenye Kirundi ndani yake, ikitanguliza radhi kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua.

"Samahani, mwalimu. Ile siyo ya mgebuka. Ile ni bagua, ya Wachina. Mtazame miguu. Anatembea duara, na nyayo zinateleza kama za mtu aliye kwenye matope."

Watu wakaitazama miguu. Kwa miaka mitatu walikuwa wametazama moto unaotoka viganjani, na miguu ilikuwa imejiendea zake bila shahidi. Kweli, msichana alikuwa akitembea kama mtu anayevuka tope la ufukweni bila kutaka kupoteza ndala.

Swaibu, nahodha wa mtumbwi na mtu ambaye mdomo wake haukujua mapumziko ya mbalamwezi, akataka kujua habari za babu wa malaria. Bonaventura akamweleza kwamba huo ni mtindo wa mlevi, upo kweli huko China, na anayeucheza hutakiwa awe hajaonja hata tone, maana kuyumba bila kuanguka ni kazi ngumu. Lile jitu la kipara akasema ni karate ya Kyokushin. Hao hupigana mwili kwa mwili, lakini ngumi ya uso wameikataza, ndiyo sababu linatafuta mapaja na mbavu.

"Sasa wewe umejuaje, na katuni ni mchoro tu?" Swaibu akauliza.

"Moto ni wa mchoraji," Bonaventura alisema. "Miguu ni ya mtu. Mchoraji mzuri huenda akakaa na watu wa mazoezi, akawatazama, ndipo anarudi kuongeza moto."

Benchi zima likageuka kumsikiliza. Mtu akamsogezea kahawa. Nyuma ya shuka maiki ilikuwa kimya, na msichana mwembamba akawapiga wanaume wote saba bila neno hata moja la Kiswahili.

Hapo lazima tumwelewe Hamdani. Bila maiki, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita anayetapika akipanda mtumbwi, katika mji wa wavuvi. Alijaribu uvuvi siku mbili, na Swaibu aliisimulia siku ya pili kwa mwaka mzima. Maiki ndiyo iliyomfanya watu wamsalimie kwanza. Basi akatoka nyuma ya shuka, koti la bafta mwilini, taa ya projekta ikampiga usoni, na akasema alichosema.

"Mtu aliyekimbia nchi yake ndiye atakayetufundisha kupigana?"

Nusu ya waliokuwemo, babu zao walifika Ujiji wakitokea mahali pengine, wengine kwa hiari na wengine kwa mnyororo, na hakuna aliyefurahi kukumbushwa hilo kwenye onyesho la katuni.

Bonaventura aliweka kikombe chini. "Ego," alisema, maana ndivyo Warundi wanavyokubali jambo. "Nimekimbia. Nina watoto wawili. Kwetu kwenye judo, mwalimu, somo la kwanza siyo kupiga. Ni kuanguka."

Hamdani alicheka, akaona mtu amekiri udhaifu kwa mdomo wake mwenyewe. Akamtaka waonane ufukweni Jumamosi. Bonaventura akasema hana ugomvi na mtu. Ndipo Bi Zuhra alipoinuka kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. Yeye hakujali mgebuka wala bagua. Alijali kwamba watu sitini walikuwa wamegeuzia shuka lake mgongo.

"Jumamosi baada ya adhuhuri," alisema. "Atakayebaki amesimama ndiye atakayeshika maiki Jumapili. Na wewe mgeni, njoo. Umeanza mwenyewe."

Jumamosi ufukwe ulijaa kuliko siku ya soko. Hamdani alifika na kikosi chake kizima, wote weupe pepepe, wakitembea kwa mstari. Kwa haki tuseme walipendeza. Alikuwa ameshinda siku tatu akijifua kwa kila pigo alilolikumbuka, na alipoanza kuonesha, wanawake wa dagaa walisogeza vichanja vyao kwa heshima, au kwa kuhofia dagaa wao. Bonaventura alikuja amevaa suruali ya kuazima na sweta la shemeji yake. Aliinama kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akamtazama Hamdani kifuani, akawatazama wale kumi na wawili, na uso wake ukawa wa mtu aliyeingia nyumba ya arusi akakuta matanga.

Alisogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyewavalisha hivyo. Alitaka liwe jambo la wawili. Hamdani hakuwa mtu wa mambo ya wawili, akapaza sauti kwamba hivyo ndivyo wavaavyo mabingwa wa Japani, kama hajui aulize.

"Hapana," Bonaventura alisema, sasa ikambidi asikike. "Bingwa analaza upande wa kushoto juu. Mwalimu wangu alifundishwa na Mjapani, na kosa hili alitukataza siku ya kwanza kabisa. Kulia juu ya kushoto, huko kwao, anavalishwa maiti tu."

Kisha Swaibu, aliyekuwa amesimama katika mstari wa pili, akajitazama taratibu kifuani, akaishika ile bafta kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo tumekuwa tukizikwa kila Ijumaa," alisema, "na huyu ndiye aliyekuwa akitusalia."

Ufukwe ukaangua kicheko kilichofika hadi kwa waliokuwa wakifua mbali. Hamdani hakungoja kiishe. Alimrukia mgeni kwa pigo ambalo siku zote aliliita la mwisho, na safari hiyo jina lilikuwa la kweli. Bonaventura alishika ukosi wa koti la Hamdani na mkono wake mmoja, akageuka, akaingiza kiuno, na bingwa wa mapigo yote akapita hewani polepole, watu wakapata muda wa kuziona nyayo zake. Mtindo gani, hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Lakini waliokuwa karibu waliona kitu kingine. Mgeni hakuuachia mkono wa Hamdani. Aliuvuta juu dakika ya mwisho, kichwa kikatua mchangani kama kinavyotua kwenye mto wa kulalia. Wa pili kujua hilo, baada ya Bonaventura, alikuwa Hamdani mwenyewe, na ndilo lililomuuma zaidi.

Alikwenda moja kwa moja bandani, mchanga ungali masikioni. Alitaka ushahidi. Akawasha projekta, akakaa kwenye kiti chake nyuma ya shuka, akasimamisha picha kwenye kifua cha jitu la kipara. Kulia juu ya kushoto, dhahiri kabisa. Akainuka kwa ushindi kwenda kumwita Bi Zuhra, akapita mbele ya shuka, akageuka kulitazama mara ya mwisho. Kushoto juu ya kulia.

Alirudi nyuma. Alirudi mbele. Alifanya hivyo mara nne, akiwa na matumaini kwamba shuka litachoka. Miaka mitatu alikuwa amewatazama mabingwa kupitia mgongoni mwa picha, na kila walichokifanya kwa mkono wa kulia yeye alikuwa amekifundisha kwa wa kushoto. Ilikuwa bei ya sauti isiyo na uso.

Jumapili Bi Zuhra alimkabidhi Bonaventura maiki. Wavuvi walijaa, na wengi wao walikuwa wamekwisha kugeuza makoti. Onyesho likaanza, na mgeni akatafsiri kwa uaminifu wote, yaani hakusema neno, kwa kuwa Kijapani na yeye hakukijua. Msichana mwembamba alilia dakika nzima mikononi mwa mama yake, na Bonaventura akaliheshimu fumbo hilo. Pigano lilipoanza alisema "bagua," akanyamaza. Lilipokwisha alisema "imekwisha." Ukweli ulikuwa umeketi kwenye kiti, na Ujiji ikaanza kupiga miayo.

Aliyevumilia kwa muda mfupi zaidi alikuwa Swaibu. Aliomba, kwa adabu isiyo ya kawaida yake, kwamba marehemu aletwe.

Hamdani alikuwa amesimama nje, mahali ambapo mtu aweza kusikia kila kitu na kudai anapita tu. Bonaventura mwenyewe ndiye aliyetoka kumfuata. Walichozungumza hakikuwa kirefu. Hamdani alisema lile neno la kukimbia nchi hakupaswa kulisema, na alilisema akiangalia ndala zake. Bonaventura alimwambia mdomo wa watu wale wa katuni ni wake, hakuna wa kumnyang'anya, ila miguu waigawane. Basi la kambini lingeondoka Jumanne. Akamwambia pia kwamba kabla ya hapo atamfundisha kuanguka, maana ameona kwamba kuruka anajua.

Siku hizo mbili waliketi pamoja, mmoja akisema vinywa na mwingine akisema miguu, na asubuhi walikuwa mchangani, mmoja akianguka na mwingine akisema "tena." Jumanne basi la kambini lilipita Kidahwe na Bonaventura akiwa dirishani, sweta la shemeji yake bado mwilini.

Hamdani alibaki na maiki, na kiti chake sasa kiko mbele ya shuka, uso nje, kila mtu aone anapodanganya. Mgebuka amerudi ziwani. Mlevi anaitwa mlevi. Bado humfanya msichana mwembamba amtolee adui matusi ambayo hakuna Mjapani aliyewahi kuyaota, na asipojua mtindo husema hajui, kwa hasira, kana kwamba kosa ni la mtazamaji. Koti limelala kushoto juu ya kulia. Ubeti wake wa kufungulia hakuuacha, kwa kuwa kiburi kilianguka vizuri, hakikuvunjika. Akiwa kitini, anainua maiki:

*Mimi Hamdani dume, mapigo yote najua,*

Na kabla hajavuta pumzi, benchi zima la wavuvi, likiongozwa na Swaibu, linammalizia:

*Marehemu asimame, sanda yake twaijua.*

Naye husimama.