Kisiwa cha Majina ya Kuazima

Jusipi alikuwa na mchumba. Tatizo ni kwamba kati yake na huyo mchumba kulikuwa na bahari, barafu na serikali, na kati ya hivyo vitatu, bahari na barafu angevimudu.

Serikali ndiyo iliyowapakia melini, yeye na baba yake Putulik na familia nyingine chache, ikawang'oa kwao kusini na kuja kuwamwaga kwenye kisiwa hiki kilicho juu kabisa ya dunia, ambako hata jua likichoka linaondoka na kuwaacha gizani miezi mitatu. Waliambiwa wanyama ni tele. Waliambiwa pia: msipopapenda, baada ya majira mawili ya baridi tutawarudisha. Siaja, mchumba, aliahidi kungoja hayo mawili. Baba yake Siaja hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba binti hafukiwi kwenye theluji kama akiba ya nyama.

Kiangazi cha kwanza meli ilimleta bwana wa ramani, mrefu, pua imebabuka kwa jua. Alikunjua karatasi yake juu ya kreti. Kisiwa kizima kilikuwa mle, milima na ghuba, bila jina hata moja.

"Anataka majina yetu ya hapa," Jusipi akamfasiria baba yake. Kiingereza alikiokota kule nyumbani, kwenye duka la wanunuzi wa ngozi.

"Majina gani? Tumefika juzi. Mwambie kile kilima kinaitwa Kilima."

"Anasema lazima wazee wetu walikiita kitu."

"Wazee wetu walikuwa na akili, babu. Hawakuja huku."

Babu ni Jusipi huyo huyo. Alizaliwa muda mfupi baada ya babu wa Putulik kufa, akapewa jina la huyo marehemu. Basi baba mtu alimwita mwanawe babu siku zote, hata alipokuwa akimgombeza.

Bwana wa ramani hakukata tamaa. Alimimina chai, akatia sukari bila ubahili. Chai ikamlegeza Putulik. Akafumba macho, akaanza kuitaja pwani ya nyumbani, kituo kwa kituo, kama mtu anayeipita juu ya theluji akivutwa na mbwa wake: Kilima cha Matunda. Mto wa Mayai. Mwamba wa Walionuniana. Ghuba ya Bata, wanakokaa kina Siaja. Kila alipotaja, mgeni alisogeza kidole mbele kidogo kwenye karatasi, akaandika.

"Baba, unamdanganya mtoto wa watu," Jusipi alinong'ona, kicheko kimembana mbavu. "Kilima cha Matunda? Pale hata nyasi zimegoma!"

"Niache, babu. Mwaka mzima sijayatamka."

Baridi yote iliyofuata huo ndio ulikuwa utani wao. Mtu akirudi mawindoni mikono mitupu, anaulizwa: "Si umetoka Mto wa Mayai wewe? Tuonjeshe basi!"

Kiangazi cha pili meli ilipoonekana, Putulik alikuwa ameshakunja hema. Jusipi alikuwa na chanuo mfukoni, amelichonga mwenyewe kwa pembe, la kumpelekea Siaja. Akashuka mkubwa mmoja wa serikali, koti jipya, ramani iliyochapwa kwapani.

"Majira mawili yameisha," Jusipi alimwambia. "Turudisheni kwetu."

Mkubwa alishangaa kwa dhati. Akatandaza ramani. "Kwenu wapi tena? Kuna mataifa yanakitolea macho kisiwa hiki, na ramani hii ndiyo tunayoyaonyesha. Watu wameita kila kilima kwa lugha yao, halafu si kwao?"

Jusipi akafasiri. Putulik akavua kofia. "Mwambie nilikuwa nimekumbuka nyumbani tu."

Jusipi akamwambia.

"Anasemaje?"

"Anasema imeshachapwa."

Jusipi akamsogelea mkubwa. "Haya! Kama hapa ni kwetu, nionyeshe kwa mchumba wangu. Anakaa Ghuba ya Bata."

Alikusudia kuuma. Mkubwa hakusikia jino. Aliinama, kidole kikatambaa pwani, kikatua; uso ukamchangamka kwa furaha ya kusaidia. "Hii hapa! Mbona ni jirani? Kwa mbwa hata nusu siku haifiki." Akampiga begani kumpongeza.

Hakuna aliyecheka. Walishusha unga, risasi na chai, na meli ikaondoka.

Baridi hiyo sili, wale wanyama wa baharini wanaowindwa kwa nyama na mafuta, walijazana Ghuba ya Bata kuliko kwingine kote. Jusipi alikataa kukanyaga.

"Babu, mbwa wanalia njaa," Putulik alimwambia. "Sili ni sili."

"Nenda wewe. Wewe ndiye mwenyeji."

Putulik alimeza hilo, akafunga mbwa wa kumvuta, akaenda peke yake. Alirudi na sili mnene, akampasua, akamkatia mwanawe ini bichi, lingali na joto la mnyama, na kumwekea mbele. Jusipi alilitazama mpaka likaanza kuganda. Kisha akalila lote, akalamba hadi kisu.