Mapumziko ya Chai ya Baraza la Mataifa

Alhamisi mchana, wanafunzi walipomaliza kula maharage, Mwalimu Placidius alifuta hesabu za darasa la nane ubaoni, akachukua chaki mpya, akaandika kwa herufi kubwa: KANUNI ZA WAJUMBE. Huo ulikuwa mwaka 1954, katika shule ya kati ya misheni upande wa Nyaishozi, na kesho yake wanafunzi wangefanya Baraza la Mataifa la mfano, kila mmoja akiwa nchi. Wavulana walikuwa wakikata vibao vya majina ya nchi kutoka kwenye masanduku ya chai. Wasichana, walioletwa kwa lori kutoka shule ya masista, walikuwa wakipiga pasi mashati ya dunia nzima.

Walimu wa siku zile walikuwa walimu kweli! Placidius alikuwa mtu wa Muleba, mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, na kanuni alizipenda kama wengine wanavyopenda nyama. Mjumbe atakata kucha. Mjumbe hatasema "mimi", atasema "nchi yangu". Hataongea kabla ya kuinua kibao. Hatatafuna kitu chochote kikaoni. Aliyeketi nyuma ya kibao chake yuko nchini mwake, wala hatatoka bila ruhusa ya mwenyekiti. Asiye na kibao hana neno, na ataishia mlangoni. Kikao kitafunguliwa na mgeni rasmi, na atakayekifunga au kubadili kanuni ni mgeni rasmi peke yake.

"Kuna swali?" aliuliza, akipangusa chaki kwenye suruali.

Kokugonza akasimama. Alikuwa msichana wa Kyerwa, mpole, na kwa upole huo alikuwa amepewa Norwe, maana mwalimu alidhani Norwe haina maneno mengi.

"Mwalimu, Tanganyika amepewa nani?"

"Tanganyika haina kibao, binti. Iko chini ya udhamini wa Uingereza."

"Sasa itakaa wapi?"

"Haitakaa. Itasikiliza."

Kokugonza akasema ahsante, akaketi. Jioni alitafuta kigoda jikoni, akakipeleka darasani, akakiweka karibu na dirisha. Placidius alikiona, akafungua mdomo, kisha akaona hakuna kanuni inayokataza kigoda, akakiacha.

Msichana huyo alikuwa na jambo lake, na lilikuwa likimnyima usingizi. Baba yake, Mzee Pastory, alikuwa na kibanja mlimani Kyerwa: migomba, mibuni pembeni, maharage chini yake, na kaburi la bibi yake Kokugonza katikati, limezungushiwa mawe. Mwezi uliopita watu wa kampuni moja ya kuchimba madini ya bati walipita wakapigilia vigingi vya chuma katikati ya migomba. Wakasema Jumatatu hii inayokuja ndiyo wataanza kuchimba. Pastory aliuliza kaburi litakwenda wapi, akaambiwa aulize bomani. Bomani akaambiwa aulize kampuni. Basi aliposikia kwamba mgeni rasmi wa baraza la shule ni Bwana Shauri mwenyewe, yule mkuu wa wilaya, alimwambia binti yake, "Mimi sikusoma. Wewe umesoma. Mwambie." Mama yake akamfungia kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yenye harufu na kukaushwa, akasema hakuna mtu anayekwenda kwa watu na mikono mitupu.

Ijumaa asubuhi wajumbe waliingia, wakaketi nyuma ya vibao vyao, na kila mmoja akawa nchini mwake kama kanuni ilivyotaka. Kwenye dawati la Misri, Gosbert alikung'uta mchanga kutoka kwenye daftari. Ukungu ulitanda juu ya dawati la Uingereza, na Byabato, aliyepewa nchi hiyo kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na viatu, alianza kukohoa. Theluji ilimdondokea Kokugonza taratibu mabegani na haikuvuka kwenda dawati la jirani. Msichana wa zamu alipewa ufagio, akaambiwa apite Norwe kila baada ya muda.

Bwana Shauri alifika saa nne kwa gari, akasalimiwa kwa wimbo. Alikuwa Mzungu mzee wa mvi, amekaa Karagwe miaka mingi na alijisifu kwamba anazijua desturi za wenyeji kuliko wenyeji. Aliitazama theluji, akasema ni theluji nzuri, kavu, si ile ya majimaji. Akafungua kikao, akapewa kiti cha mbele. Cassian, kiranja mkuu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na nyundo yake ilikuwa mchi wa kinu.

Wakajadili bei ya ngano. Wakajadili mfereji, Misri ikasema ni wake, Uingereza ikakohoa. Placidius, nyuma kabisa, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, machozi yakimlengalenga. Ndipo Norwe ikainua kibao.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema Kokugonza, "nchi yangu inaomba kusema habari za kibanja kimoja cha Kyerwa."

Wajumbe waliangua kicheko. Cassian akagonga mchi.

"Norwe ina kibanja Kyerwa?"

"Haina."

"Kibanja kiko nchi gani?"

"Kiko Tanganyika, mheshimiwa."

"Tanganyika haina kibao. Asiye na kibao hana neno. Keti."

Akaketi. Uso ulikuwa unamwaka moto, hata theluji ikawa inayeyuka kabla ya kumgusa. Lo, aibu ilioje! Alimwona baba yake kichwani akisema "umesoma, mwambie", na yeye ameambiwa keti mbele ya dunia nzima. Akakishika kikapu kilichokuwa mapajani, akatambua kosa lao wote tangu asubuhi. Walikuwa wameanza maneno bila kahawa. Kwao, na kwa kila mtu aliyekuwa mle ndani, mgeni akiingia hupewa kwanza kahawa atafune, ndipo shauri lifunguliwe. Na uliyetafuna naye huwezi kumwambia anyamaze.

Hakuinua kibao. Aliomba ruhusa ya kutoka nchini mwake kwa dakika chache, na Cassian, akidhani anakwenda chooni, akampa. Akapita na kikapu dawati kwa dawati, akipiga goti. Kanuni ilikataza kutafuna, lakini hawa walikuwa watoto waliolelewa. Misri ilipokea kwa mikono miwili. Ufaransa ikapokea. Uingereza ikatazama huku na huku, ikapokea. Cassian alishika mchi kwa mkono mmoja, kisha akauweka chini ili apokee vizuri. Bwana Shauri alisema, "Aa, kahawa!" akachukua mbili, akaanza kutafuna kwa ufundi. Placidius alikuwa na uso wa mtu anayeona nyumba yake ikiungua, lakini kikapu kilipomfikia naye akapokea. Angefanyaje?

Mwisho Kokugonza akafika kwenye kigoda kilichokuwa dirishani. Hakikuwa na mtu, lakini kukiruka ingekuwa utovu wa adabu, basi akaweka kahawa moja juu yake. Hapo kibanja kikaingia.

Kiliingia kwa mlango, migomba mmoja mmoja, ikiinamisha majani ili isivunjike kwenye kizingiti. Ikafuata mibuni, yakafuata maharage, likaja kaburi la bibi na mawe yake, na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa na mazoea ya kulala pale. Vigingi vya chuma navyo vilikuja, vimesimama palepale vilipopigiliwa. Kibanja kikajipanga kuzunguka kigoda, kikatulia.

"Sakafu yangu," alisema Placidius. Ilikuwa ya saruji, mpya, na kwa wiki nzima hakuruhusu mtu aikanyage na tope.

Nyuma ya kibanja alitokea Mzee Pastory, mundu mkononi, vumbi mpaka magotini. Kibanja kilikuwa kimetoka Kyerwa juzi alfajiri, naye hakuona sababu ya kukiacha kiende peke yake. Njiani watu walikuwa wakisogea pembeni na kumuuliza kinakwenda wapi, naye aliwajibu kwamba kinamfuata mtoto shuleni. Akavua kofia.

"Hodi jamani. Kibanja kimepita hapa?"

"Kimo ndani, mzee, shikamoo," alisema Cassian. "Una kibao?"

"Marahaba. Sina."

"Basi tuwie radhi, utaishia hapo mlangoni."

"Hakuna neno, mwanangu," alisema Pastory, akasimama mlangoni.

Kokugonza akarudi Norwe na kuinua kibao, na safari hii hakuna aliyemkatiza, maana midomo yote ilikuwa na kahawa yake. Alisema kila kitu: vigingi, Jumatatu, kaburi, baba yake kutumwa huku na huku. Alisahau kusema "nchi yangu", akasema "mimi". Alipomaliza, Cassian aliita kura, na vibao vyote vikapanda juu. Uingereza ilichelewa kidogo kwa kikohozi, kisha nayo ikapanda. Baraza la Mataifa likaamua, bila hata mmoja kupinga, kwamba kibanja cha Pastory kisichimbwe. Wakapiga makofi mpaka kuku akaruka juu ya dawati la Ubelgiji. Furaha ya siku ile! Wengi wao hawakuipata tena maishani.

Bwana Shauri naye alipiga makofi. Alitembea kati ya migomba, akajikwaa kwenye kigingi, akakishika, akasema kimenyooka vizuri. Alisema hajawahi kuona wanafunzi wanaojua kanuni namna ile.

"Kwa hiyo wataving'oa vigingi, bwana?" aliuliza Kokugonza.

"Binti, hili ni baraza la mfano."

"Na kwenye lile la kweli?"

Bwana Shauri alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Kwenye lile la kweli pia hamna kibao," alisema. Akatoa leso, akatema ndani yake makapi ya kahawa, akaikunja, akaitia mfukoni. Mawingu yalikuwa yameshika mlima, na gari lake halikupenda matope. Akawaaga haraka, akaondoka kabla ya kufunga kikao.

Cassian alisoma ubao mara ya kwanza, akausoma tena. Mgeni rasmi peke yake ndiye wa kufunga, na mgeni rasmi alikuwa ameshapita kwenye daraja. Akagonga mchi, akatangaza mapumziko ya chai.

Jumatatu kampuni ilichimba. Haikujali kwamba kibanja hakikuwapo. Mlima ulikuwapo, na bati lilikuwamo. Pastory alihamia kwa shemeji yake jirani na shule, na kila asubuhi alikuja kusimama dirishani, kwa nje, akalima kwa mdomo. "Wewe mwenye sweta, kwanyua jani lile lililokauka. Usikate kwa hasira. Hayo machipukizi acha moja, mengine toa." Watoto walioketi kujifunza hesabu mle ndani walijifunza na migomba, na mpaka leo ukimwona mtu mzima wa upande ule anakwanyua majani kwa utaratibu, akisema na mgomba, ujue alisoma pale. Mkungu ukikomaa walimpitishia dirishani. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akawaambia wafunike kaburi la mama yake kwa nyasi. Hakuingia hata siku moja. Placidius alimsihi aingie usiku, kwamba yeye atakuwa amelala. Pastory alisema yeye si mwizi.

Mapumziko ya chai yalikwenda vizuri. Misri ilioa. Uingereza ilikwenda Bukoba kufundishwa ualimu, na kikohozi kikaisha. Kokugonza alirudi kufundisha palepale, na kila alipoketi nyuma ya kile kibao cha Norwe kusahihisha madaftari, theluji ilimdondokea, naye alikuwa amezoea kuvaa shali. Placidius aliandika barua bomani kuomba mgeni rasmi aje kufunga. Wakajibu kwamba Bwana Shauri amestaafu, amerudi kwao.

Mwaka 1958, baada ya mavuno ya kahawa, Mzee Pastory alifariki. Mtu wa kwao huzikwa kibanjani kwake, kati ya migomba yake, karibu na mama yake. Hilo halikuwa na mjadala kwa yeyote. Cassian, aliyekuwa karani Bukoba, aliitwa, akaja na kushinda njiani kwenye lori la chumvi. Wajumbe wakaitwa popote walipokuwa. Wakaingia, wakubwa sasa, magoti yakigonga madawati, wakaketi nchini mwao, na jeneza likawekwa mlangoni. Cassian akagonga mchi, akatangaza kwamba mapumziko ya chai yamekwisha.

Norwe iliinua kibao. "Naomba baba yangu aingie."

Cassian alitazama ubao. Chaki ile hakuna aliyeifuta.

"Ana kibao?" aliuliza.

"Hana."

Gosbert alikuwa analia waziwazi, na mchanga ulimganda mashavuni. Kubadili kanuni kulihitaji mgeni rasmi. Mwisho Placidius, mvi kichwani, aliomba radhi kwa kusema bila kibao, akasema chini ya dirisha, kwa nje, udongo ni laini.

Wakachimba hapo. Mgomba uliokuwa karibu na kigoda ulitoa jani moja nje kupitia dirishani, likafika juu ya kaburi, likakaa hivyo.

Norwe ilipewa ruhusa ya kutoka nchini kwake kwenda kumzika baba yake. Aliporudi alikung'uta theluji kwenye kiti, akaketi, akainua kibao.