Ubani wa Huseni

Huseni alitoka nje kupitia dirishani. Shehe Massoudi alikuwa hajamaliza hata aya ya kwanza, moshi wa ubani ndio kwanza unapanda, na mdogo wangu, mwanamume mzima na ndevu zake, akaruka na pazia akaondoka nalo. Majirani waliojaa sebuleni kwangu, hapa mtaani Buyenzi, wakatazamana. Tukakubaliana: jini limekimbia.

Alikuwa hivyo tangu karakana yao iungue. Siku zile petroli ilikuwa haipatikani mjini, kila fundi ameficha bidoni zake, madumu ya akiba, uvunguni mwa meza ya kazi. Cheche moja ya kuchomelea, ikawa basi. Huseni alitoka mzima. Mwenzake Ilias hakutoka. Tangu hapo usingizi ukamhama. Pikipiki ikipiga kishindo, yuko chini kifudifudi. Wali ukishika sufuria kidogo tu, anaacha sahani na kutoka.

Mi niliona dawa yake ni watu. Nikajaza nyumba: mashangazi, chai, umbea wa mtaa mzima. Kadiri walivyocheka ndivyo alivyojisogeza pembeni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Sikuelewa. Kwetu nyumba iliyojaa haijamdhuru mtu. Ndipo nikamwita shehe.

Basi alipotoroka ubani, nilimfuata nikamkuta uani, nyuma ya choo, ametapika, pazia bado liko begani. Nikamuuliza jina lake, nikitegemea jini ndilo lijibu.

"Dada, mi ni Huseni," akasema. "Sina jini. Ni ule moshi. Nikiunusa, namusikia Ilias ananiita."

Shehe alikuwa amesimama nyuma yangu. Akazima chetezo kwa maji ya udhu, akasema dua ataendelea kumwombea, lakini huyu apelekwe hospitali, yupo mtaalamu wa kusikiliza watu waliopatwa na mambo kama haya. Nikazidi kuchanganyikiwa. Daktari asiyechoma sindano anatibu nini?

"Apana," Huseni akasema. "Mutaa wote watasema mi kichaa."

"Habari za mutaa huu nani anazitangaza kama si mi? Hii nitaimeza. Twende wote."

Akanitazama kama anayekagua noti inayoshukiwa kuwa bandia. Kisha akacheka, kidogo.

Kule hospitali Huseni aliomba mlango uachwe wazi. Yule mtaalamu, mwanamke, akakubali. Mi nikabaki kwenye benchi la ukumbini, na sauti ya Huseni ikaanza kunifikia, neno kwa neno.

Nikachukua mkoba wangu, nikaenda kukaa mbali, karibu na geti, pasiposikika kitu.