Mama Anafua Mawingu

Tulipomaliza kumzika binti yangu Phelista hapa Bokoli, nilipanda Kitale kumchukua mtoto wake. Nasike alikuwa amebaki Kibomet kwa jirani yao Linah, maana tulisema mtoto wa darasa la kwanza asisimamishwe kando ya kaburi katika mvua ile. Lakini kunyolewa ilikuwa lazima. Kwetu, mama akishalala chini ya udongo, nywele za mtoto wake hazibaki kichwani.

Linah alinivuta kando ya mlango, pale ambapo karai la Phelista la kufulia lilikuwa limeinamishwa ukutani, bado na alama ya sabuni ya buluu kwa ukingo.

"Mama, nisamehe. Nilimwambia mama yake amepata kazi mbali, huko juu. Nilishindwa."

"Huko juu wapi?"

"Si nilionyesha tu na mkono."

Mkono wake ulikuwa umeonyesha Mlima Elgon. Phelista alikuwa akifulia watu nguo, basi hayo mengine Nasike aliyamaliza mwenyewe. Tukingoja gari aliniambia mama yake sasa anafua mawingu. Anayaloweka usiku kwa beseni pana kama uwanja wa shule. Makubwa anayapiga kwa jiwe. Madogo, yale ya watoto, anayafikicha tu kwa vidole yasiraruke. Asubuhi anayaanika mlimani.

"Na hii mvua?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Ni maji ya nguo, kukhu. Leo hajakamua vizuri. Mkono unamuuma."

Mkono ulikuwa ukimuuma Phelista kweli, wa kulia, ule ulioanza kuvimba wakati wa palizi. Nilijifanya ninatafuta kitambaa kwa mfuko.

Kifuani alikuwa amempakata mtoto wake wa hindi bichi. Maganda ameyashusha yakawa gauni, na zile nywele za hindi, ndefu, laini, nyekundu kama chai ya rangi, amezisuka pande mbili. Huyo aliitwa Judy, na Nasike alisema ni mdogo wake, wa mama mmoja.

Nilisema moyoni nitamwambia ukweli tukifika. Tulipofika nikasema akishakula. Akala, akalala, kukacha, na watu wakaanza kukaa uani wanyolewe.

Mnyoaji alikuwa shemeji yangu Wekoye. Alinyoa wakubwa, mimi pia, kisha akamtazama Nasike na kuniita kando.

"Mulamwa, huyu anajua ananyolewa kwa nini?"

"Bado."

"Basi kichwa chake sikigusi. Mtu hanyolewi kama kondoo, ati ashikwe tu akatwe. Mwambie. Mimi nangoja."

Akakaa, akafuta wembe kwa suruali.

Nilimweka Nasike katikati ya magoti yangu. Nikamfungua vifungo vya sweta, vyote, nikavifunga tena. Nikamwambia, "Nasike, unajua mama yako…" Yeye akageuka kuangalia upande wa mlima, na mimi nikafungua tena kifungo cha juu. Nikaanza tena, nikajikuta nasema habari ya kuku.

Nasike akajitoa. Akaenda mpaka kwa babu yake Wekoye, akamlaza Judy kando ya beseni la maji.

"Guka, anza na huyu."

"Huyu?" Wekoye akamwinua, akamgeuza. "Huyu si wa kunyolewa, huyu ni wa kuchomwa kwa makaa, apakwe chumvi na ndimu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha matanga. Nasike hakucheka.

"Umnyoe polepole. Mama yake amekufa."

Nilisikia matone yakianguka kwa majani ya migomba.

"Nani alikuambia?" nikamwuliza.

"Hakuna mtu." Akaelekeza kidevu kule mlimani. Mawingu yalikuwa yamejaa, rangi ya majivu, na chini meusi kama ukosi wa shati la fundi wa magari. "Tangu tufike ni machafu hivyo. Mama haachangi nguo za watu zikiwa chafu."

Wekoye alilowesha vidole, akafungua zile nywele mbili zilizosukwa, akazikata taratibu, kama kichwa cha mtu. Zikaanguka nyekundu juu ya nywele zetu, nyeusi na nyeupe, pale chini.

Nasike akarudi akakaa katikati ya magoti yangu, akainamisha kichwa mwenyewe. Wekoye akasimama na wembe, lakini bado alikuwa ananitazama mimi.

Nikainama mpaka kwa sikio la mtoto.

"Ndiyo, Nasike," nikamwambia. "Amekufa."